Sanamu Isiyo na Kaburi

Kila nipitapo Barabara ya Kimathi, jijini Nairobi, husimama mbele ya sanamu ya Dedan Kimathi, bunduki mkononi. Juzi niliwakuta wanafunzi wakipigwa picha chini yake. Hakuna aliyejua kwamba shujaa huyo aliwahi kuwa mwalimu.

Alizaliwa Tetu, Nyeri, mwaka wa 1920. Alisoma Tumutumu, akafundisha, kisha akawa katibu wa tawi la chama cha KAU kule Ol Kalou. Hali ya hatari ilipotangazwa mwaka wa 1952, hakukawia kuingia msitu wa Nyandarua, akawaongoza wapiganaji wa Mau Mau. Alipigwa risasi na kukamatwa Oktoba 1956, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957.

Sanamu ilizinduliwa mwaka wa 2007, miaka hamsini baadaye. Kaburi lake, hata hivyo, halijulikani. Mjane wake, Mukami, alifariki mwaka wa 2023 bila kuonyeshwa lilipo.

Shaba haina ulimi. Walimu wenzangu, tuwapelekapo wanafunzi jijini, tuwasimulie kwanza maisha ya mtu huyu, ndipo wapige picha.