Marc Armand Ruffer, Tabibu Aliyewachunguza Wafu wa Kale

Watoto wengi wakaao karibu na mito na maziwa waujua ugonjwa wa kichocho. Mtu huoga majini, na baada ya siku nyingi hukojoa damu. Je, ugonjwa huu umekuwako duniani tangu lini? Zamani hapakuwa na mtu aliyeweza kujibu kwa hakika, hata alipotokea tabibu mmoja, jina lake Marc Armand Ruffer, naye alilitafuta jibu katika miili ya wafu.

Ruffer alizaliwa mwaka wa 1859 katika mji wa Lyon, nchi ya Ufaransa. Alisoma Uingereza, katika Oxford na London, kisha akaenda Paris kujifunza kwa Louis Pasteur, yule bingwa wa elimu ya vijidudu viletavyo maradhi. Aliporudi London alifanywa mkuu wa nyumba mpya ya kuchunguza magonjwa. Siku zile watoto wengi walikufa kwa dondakoo, maradhi yazibayo koo hata mtoto asiweze kuvuta pumzi. Ruffer alikuwa akiijaribu dawa mpya ya maradhi hayo, na katika kazi hiyo akaambukizwa yeye mwenyewe. Hakufa, lakini alipooza, akalazimika kuacha cheo chake. Basi akasafiri mpaka Misri, nchi ya jua na hewa kavu, ili atafute nguvu zake.

Alipopata nafuu alikaa kuko huko. Mwaka wa 1896 alikuwa mwalimu katika chuo cha utabibu cha Cairo, na baadaye akawekwa kuwa mkuu wa baraza la karantini. Kazi ya baraza hilo ilikuwa kuzuia kipindupindu na tauni visiingie nchini. Mahujaji waliotoka Makka walisimamishwa kwanza El Tor, pwani ya Bahari ya Sham, wakaangaliwa na matabibu. Hiyo ilikuwa kazi nzito, nayo yatosha kumjaza mtu siku yake yote. Lakini saa zake za faragha Ruffer alizitumia kwa jambo jingine.

Wamisri wa kale walikuwa na desturi ya kuwakausha wafu wao kwa magadi, wakawafunga kwa vitambaa. Nyama ya maiti hizo ilikuwa ngumu kama ukuni, tena yavunjika upesi, hata haikuwezekana kuikata vizuri. Ruffer alifanya shauri. Alichanganya maji, pombe kali na magadi, akaitia nyama humo. Nayo ikalainika polepole. (Angalieni ajabu hii: magadi yaliyoikausha ndiyo yaliyosaidia kuilainisha.) Kisha aliigandisha tena kidogo kwa pombe, akaikata vipande vyembamba sana, akavitia rangi na kuvitazama kwa darubini ya kukuzia vitu vidogo.

Mwaka wa 1910 alitangaza aliyoyaona. Katika mafigo ya maiti mbili, za watu waliokufa zaidi ya miaka 3000 iliyopita, yalikuwamo mayai ya mdudu wa kichocho. Mayai yalikuwa yamekuwa magumu kama chokaa, lakini umbo lao halikupotea. Mdudu huyo alikuwa amegunduliwa na tabibu Mjerumani, Theodor Bilharz, huko huko Cairo mwaka wa 1851. Sasa ilijulikana kwamba wakulima wa Mto Nile walitaabishwa naye tangu siku za Mafirauni.

Mwaka ule ule, pamoja na Grafton Elliot Smith, Ruffer alieleza habari za kuhani mmoja wa mungu Amun aliyekuwa na kibyongo. Mifupa ya mgongo wake ilikuwa imeliwa na kifua kikuu, na jipu kubwa lilikuwa limeshuka ndani ya mwili. Mtu huyo alikuwa na cheo hekaluni, lakini hapana shaka aliumwa sana.

Vita vya kwanza vya dunia vilipopiganwa, Ruffer alikwenda Salonika, nchi ya Uyunani, kutengeneza mambo ya afya. Alipokuwa akirudi Misri, mwezi wa Aprili 1917, meli yake ilipigwa na manowari ya Wajerumani ipitayo chini ya maji, ikazama, naye akafa baharini. Maandiko yake yalikusanywa na mtaalamu Mmarekani, Roy Moodie, yakapigwa chapa Chicago mwaka wa 1921. Na ile njia yake ya kulainisha nyama kavu kwa magadi ilitumiwa na wachunguzi wengi waliokuja nyuma yake.