Johnny Weissmuller: Tarzan wa sinema na watu-chui wa Bafwasende

Mwaka 1946 kampuni ya RKO ya Marekani ilitoa filamu ya kumi ya Tarzan iliyochezwa na Johnny Weissmuller, Tarzan and the Leopard Woman. Ndani yake, watu waliovaa ngozi za chui na kucha za chuma mikononi wanavamia wasafiri msituni na kuwaua. Kwa mtu wa Bafwasende, zaidi ya kilomita 250 mashariki mwa Kisangani, habari hiyo si ngeni hata kidogo.

Weissmuller alizaliwa Juni 2, 1904, Freidorf, mahali ambapo leo ni Romania. Wazazi wake walimpeleka Marekani akiwa mtoto mchanga. Alikulia Chicago, na kuogelea ndiko kulikomtoa. Mwaka 1922 alikuwa mtu wa kwanza kuogelea mita 100 chini ya dakika moja. Michezo ya Olimpiki ya Paris 1924 na Amsterdam 1928 ilimpa medali tano za dhahabu.

Hollywood ilimchukua kwa ajili ya mwili wake, si kwa ufundi wa kuigiza. Kuanzia 1932 hadi 1948 alicheza Tarzan mara 12. Kadiri mfululizo ulivyorefuka, waandishi walihitaji vitisho vipya, na safari hii wakawageukia watu-chui.

Kwetu watu hao waliitwa anioto, na walijulikana hasa miongoni mwa Wabali wa Bafwasende. Waliua usiku na kuacha majeraha yanayofanana na ya chui. Watu walikufa kweli. Hilo halina ubishi. Lakini watafiti wameonyesha kwamba nyuma ya mauaji mengi kulikuwa na ugomvi wa madaraka kati ya wakubwa wa vijiji, na upinzani dhidi ya utawala wa Wabelgiji. Wakoloni waliwanyonga baadhi yao, kisha wakaitumia hofu hiyo kuonyesha kwamba Mkongomani lazima atawaliwe. Sanamu ya mtu-chui iliyochongwa na Paul Wissaert iliwekwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Hergé naye akamwingiza mtu-chui katika Tintin huko Kongo. Jumba hilo lilipofunguliwa upya mwaka 2018, sanamu hiyo ilikuwa imetolewa kwenye maonyesho makuu.

Filamu ya Weissmuller haikugusa lolote katika hayo. Msitu wake ulikuwa California, na watu-chui wake hawakuwa na shamba, mkubwa wala kodi ya kulipa. Walikuwa wabaya tu, wakimsubiri Tarzan aje awamalize.

Kuanzia 1948 alivaa nguo na kucheza mfululizo mwingine wa msituni, Jungle Jim. Uzeeni alifanya kazi ya kupokea wageni katika kasino moja ya Las Vegas. Kiharusi kilimdhoofisha, akahamia Acapulco, Meksiko, na huko alifariki Januari 20, 1984. Jeneza lake lilipokuwa likishushwa kaburini, ulipigwa ukelele wa Tarzan uliorekodiwa, kama alivyoomba mwenyewe.