Kirkman, mzee wa magofu: Kutoka Ungwana ya Tana hadi meli iliyozama Mombasa

Wengi wetu tumepita Garsen kwa basi la Lamu, macho kwenye simu. Kumbe kule Mto Tana unakoingia baharini, karibu na Kipini, kuna mji mzima umelala vichakani. Unaitwa Ungwana. Una misikiti, makaburi na ukuta, na aliyeufukua kitaalamu miaka ya 1950 ni Mwingereza James Kirkman.

Alizaliwa 1906. Mwaka 1948 alikabidhiwa magofu ya Gedi, wakati huo msitu mtupu uliomeza kuta, akachimba huko kwa takriban miaka kumi. Silaha yake kubwa ilikuwa vigae. Kipande cha sahani ya Kichina kikipatikana chini ya sakafu ya msikiti, basi sakafu hiyo haikuwekwa kabla sahani kutengenezwa. Rahisi hivyo, ila inataka subira, maana ukichanganya tabaka moja la udongo na jingine umeharibu kila kitu.

Subira hiyo ndiyo aliyoileta Ungwana, na mwaka 1966 akachapisha kitabu kizima kuhusu mji huo.

Mwaka 1958 Fort Jesus iliacha kuwa jela. Kirkman aliikarabati, na 1960 ikafunguliwa kama makumbusho. Hapo ndipo bahari ilipomwita. Mbele ya ngome, wapiga mbizi walikuwa wamegundua mabaki ya meli. Ilikuwa Santo António de Tanná, meli ya kivita ya Wareno iliyoundwa India, iliyozama Oktoba 1697 ikijaribu kuokoa ngome iliyozingirwa na Waomani tangu Machi 1696. Ngome yenyewe ilianguka Desemba 1698.

Mwaka 1972 Kirkman aliandika kuhusu meli hiyo katika jarida la kimataifa la akiolojia ya majini. Kazi ya chini ya maji ilifanywa na wengine, kati ya 1977 na 1980, Robin Piercy akiongoza kwa ushirikiano na Makumbusho ya Taifa. Maelfu ya vitu viliibuliwa, na baadhi unaweza kuviona Fort Jesus leo. Ilikuwa kati ya meli za kwanza kabisa kufukuliwa kisayansi Afrika, kusini mwa Sahara.

Lakini tusimpambe mzee kupita kiasi. Kirkman aliamini miji hii ilikuwa kazi ya Waarabu waliohamia pwani, na wenyeji akawaweka pembeni. Ajabu ni kwamba alishika mikononi vyungu vilivyofinyangwa hapa hapa, akavipanga vizuri kabisa, halafu akatazama zaidi sahani za kutoka ng'ambo. Kwa kijana wa Kipini au Garsen hilo si jambo dogo. Ni sawa na kuambiwa nyumba ya babu yako ilijengwa na mgeni.

Kirkman alifariki 1989. Mwaka huo huo Mkenya, George Abungu, alikamilisha tasnifu yake Cambridge kuhusu jamii za Mto Tana. Naye alichimba Ungwana, lakini yeye aliufuata mto kwenda bara, akichunguza jinsi watu wa delta na wa juu ya mto walivyohusiana na kubadilishana mali. Miaka kumi baadaye alikuwa mkurugenzi mkuu wa Makumbusho ya Taifa.