Paul Fitts

Paul Morris Fitts (6 Mei 1912 – 2 Mei 1965) alikuwa mwanasaikolojia wa Marekani aliyechunguza jinsi binadamu anavyotumia mitambo. Anajulikana hasa kwa Kanuni ya Fitts, inayoeleza muda ambao mkono unahitaji ili kufikia kitu, kulingana na umbali na ukubwa wa kitu hicho. Aliitoa mwaka 1954 baada ya majaribio ya vibao na kalamu za chuma. Baada ya kifo chake, kanuni hiyo imekuwa hoja kuu katika mjadala wa wabunifu wa kompyuta kuhusu mahali panapofaa kuwekwa menyu za programu kwenye skrini.

Maisha ya awali

Fitts alizaliwa katika mji mdogo wa Martin, jimbo la Tennessee. Alisoma Chuo Kikuu cha Tennessee, kisha Chuo Kikuu cha Brown, na mwaka 1938 alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Rochester. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alijiunga na jeshi la anga la Marekani, akafikia cheo cha luteni kanali. Vita vilipokwisha aliongoza tawi la saikolojia katika maabara ya tiba ya anga huko Wright Field, karibu na mji wa Dayton, Ohio.

Makosa ya marubani

Ndege nyingi za kijeshi zilianguka au kuharibika bila kupigwa na adui. Mara nyingi taarifa ya ajali ilisema tu kwamba rubani alikosea, na suala likaishia hapo. Fitts na mwenzake Richard Jones hawakuridhika na jibu hilo. Waliwaomba marubani wasimulie makosa waliyoyafanya wenyewe au kuyaona yakifanywa, wakakusanya visa 460 vinavyohusu vidhibiti vya ndege. Utafiti huo, pamoja na mwingine kuhusu makosa 270 ya kusoma saa za ndege, ulitolewa mwaka 1947.

Karibu nusu ya visa 460 vilikuwa vya kushika kidhibiti kimoja badala ya kingine. Rubani aliyekwisha kutua alitaka kurudisha vibawa vya kutulia, akavuta wenzo wa magurudumu uliokuwa jirani na uliofanana nao. Ndege ikalala kwa tumbo barabarani.

Kundi jingine kubwa lilihusu nyenzo tatu za injini: ya nguvu, ya rafadha, na ya mchanganyiko wa mafuta na hewa. Katika ndege aina ya B-25, wenzo wa kwanza kutoka kushoto ulikuwa wa nguvu ya injini. Katika C-47 mahali hapo palikuwa na wenzo wa rafadha, na katika C-82 palikuwa na ule wa mchanganyiko. Rubani aliyehamishwa kutoka ndege moja hadi nyingine alikwenda na mazoea ya mkono wake. Katika dakika ya hatari mkono ulikwenda pale ulipozoea, nao ulikuta wenzo usiohusika.

Fitts na Jones walionyesha kwamba makosa mengi ya aina hii yangeweza kuzuiwa na mbunifu wa ndege kwa kuweka nyenzo katika mpangilio mmoja na kuzipa maumbo tofauti. Siku hizi kishikio cha wenzo wa magurudumu huwa na umbo la gurudumu, na cha vibawa umbo la bawa. Huenda huu ndio mchango wake ulio mkubwa zaidi kwa maisha ya watu, ingawa jina lake linatajwa zaidi kwa sababu ya kanuni iliyokuja baadaye.

Kanuni ya mwaka 1954

Mwaka 1949 Fitts alihamia Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, ambako aliongoza maabara ya saikolojia ya usafiri wa anga. Mwaka 1951 alihariri taarifa kuhusu uongozaji wa ndege angani, yenye orodha maarufu ya kazi ambazo binadamu huzifanya vizuri kuliko mashine na zile ambazo mashine huzifanya vizuri kuliko binadamu.

Jaribio lake maarufu lilikuwa rahisi. Watu 16 walipewa kalamu ya chuma ili wagonge vibao viwili vya chuma kwa zamu, upesi kadiri walivyoweza bila kukosa. Umbali kati ya vibao ulibadilishwa kuanzia inchi 2 hadi 16, na upana wake kuanzia robo inchi hadi inchi 2. Kalamu moja ilikuwa na uzito wa wakia 1 na nyingine ratili 1, lakini uzito ulibadilisha matokeo kidogo tu. Kilichotawala ni uwiano wa umbali na upana:

Muda = a + b × log₂(2D ÷ W)

Hapa D ni umbali hadi katikati ya kitu, W ni upana wake, na a na b ni namba zinazopatikana kwa kupima. Kwa sababu ya logi, kuongeza umbali maradufu hakuongezi muda maradufu, bali huongeza kiasi kilekile kila mara. Kupunguza upana kwa nusu huongeza kiasi hichohicho. Ukizidisha vyote viwili kwa mbili, muda haubadiliki.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1958 Fitts alihamia Chuo Kikuu cha Michigan. Aliendelea kuchunguza jinsi mtu anavyojifunza ustadi, kuanzia kuufikiria kila hatua hadi kuufanya bila kuufikiria. Alifariki siku nne kabla ya kutimiza miaka 53. Kitabu alichoandika pamoja na Michael Posner kilitoka mwaka 1967.

Fitts na menyu za kompyuta

Douglas Engelbart alionyesha kipanya chake hadharani mwezi Desemba 1968, zaidi ya miaka mitatu baada ya kifo cha Fitts. Mwaka 1978 Stuart Card, William English na Betty Burr, watafiti wa kampuni ya Xerox, waliripoti kwamba mwendo wa kipanya unafuata Kanuni ya Fitts, kwa kasi iliyokaribia ile ya mkono wenyewe.

Muda mfupi baadaye kampuni ziligawanyika. Apple, katika kompyuta za Lisa (1983) na Macintosh (1984), iliweka mstari mmoja wa menyu kwenye ukingo wa juu wa skrini. Microsoft, kuanzia Windows ya kwanza mwaka 1985, iliweka menyu ndani ya dirisha la kila programu.

Mstari wa menyu wa Macintosh ya kwanza ulikuwa na kimo cha nukta 20 katika skrini ya nukta 342. Hata hivyo kishale kikifika ukingoni husimama, hata mkono ukiendelea kusukuma kipanya. Kwa mkono, basi, W ya menyu hiyo ni kubwa sana, na mtumiaji anaweza kusukuma kwa nguvu bila hofu ya kupitiliza. Menyu iliyo ndani ya dirisha haina ukuta huo. Lazima mkono upunguze mwendo na kusimama kwenye ukanda mwembamba. Bruce Tognazzini, aliyewahi kufanya kazi Apple, ni mtetezi mashuhuri wa hoja hii.

Wapinzani hutaja D. Skrini zimekuwa kubwa, na dirisha dogo lililo chini linaweza kuwa mbali sana na ukingo wa juu. Mtu akiweka skrini moja juu ya nyingine, huenda ukuta wenyewe usiwepo tena. Pande zote mbili zinatumia fomula ileile, na kwenye skrini ndogo hoja ya ukingo ndiyo yenye nguvu zaidi.

Fomula hiyo, hata hivyo, inapima mwendo wa mkono tu. Mstari wa juu hubadilika kila programu inapobadilika, na aliyefungua madirisha mawili anaweza kutoa amri kwa programu asiyoikusudia. Hilo ni kosa la aina ileile iliyoongoza katika visa 460 vya marubani, na kwa swali hilo utafiti wa mwaka 1947 unasaidia zaidi kuliko kanuni ya 1954.

Suala la mazoea pia lilijitokeza. Mwaka 2011 mfumo wa Ubuntu ulihamisha menyu kutoka madirishani hadi juu ya skrini. Watumiaji wengi walilalamika, na toleo la Aprili 2014 likawapa uhuru wa kuzirudisha ndani ya dirisha. Apple haijauondoa mstari wake wa juu hadi leo.