KHABARI ZA ALLIDINA VISRAM, MFANYA BIASHARA WA BARA

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, hizi ni khabari za mtu aliyevuka bahari akali mtoto, kisha akawa tajiri ambaye jina lake lilijulikana kutoka pwani hata Uganda. Zimeandikwa ili mwenye kusoma azingatie mali huja vipi, huondoka vipi, na ni ipi ibakiayo.

Allidina Visram alizaliwa Kera, katika nchi ya Kutch huko Bara Hindi, mwaka 1851 Miladi. Kabila yake ni Khoja, na madhehebu yake ni Ismailia. Mwaka 1863, umri wake ukiwa miaka 12, alipanda chombo akaja Unguja, kama walivyokuja wengi wa watu wake kwa pepo za kaskazi, kisha akavuka Bagamoyo.

Siku zile biashara ya bara ilikuwa na milango yake. Njia ya Kilwa ilikwenda Ungoni, ambako leo ni Songea, hata Ziwa la Nyasa. Na njia ya Bagamoyo ilikwenda Unyamwezi hata Ujiji. Allidina akaingia kazini kwa Sewa Haji Paroo, tajiri wa Bagamoyo aliyekuwa akiwapa wasafiri bidhaa na wapagazi. Zilikwenda bara merikani, kaniki, ushanga na nyaya za shaba. Zikarudi pembe za ndovu. Mpagazi alichukua kadiri ya frasila mbili, na safari ya Tabora pekee ilikuwa kadiri ya miezi mitatu kwa miguu.

Biashara hiyo haikusimama kwa fedha taslimu. Ilisimama kwa uaminifu. Mwenye mali alimpa msafiri mali yake, wala hakuiona tena mpaka msafiri arejee. Aliyevunja ahadi hakupewa mara ya pili. Katika chuo hicho ndimo aliposomea Allidina, akifuatana na misafara na kujua njia, bei na tabia za watu.

Jambo jingine aliliona kwa bwana wake. Sewa Haji alitoa mali kwa hospitali ya Dar es Salaam, ambayo ndiyo asili ya Muhimbili ya leo, akatoa na nyumba ya skuli Bagamoyo. Alipofariki mwaka 1897, Allidina akaishika biashara ya misafara.

Wakati huo reli ilikuwa imekwisha anza kujengwa kutoka Mombasa, mwaka 1896, nayo ilifika Kisumu mwaka 1901. Wako waliouona msafara unakufa wakakaa wakilia. Allidina alifuata reli. Kila yalipopatikana makazi akafungua duka, akauza nguo, chumvi na vyakula, akanunua mazao ya wenyeji. Kampala alifungua duka mwaka 1898, na baadaye Mombasa ikawa makao yake makuu. Akaweka viwanda vya kuchambua pamba, na vyombo vya kuchukua mizigo katika ziwa la Victoria.

Lakini hakuyashika yote kwa mkono wake. Aliwaleta vijana kutoka Kutch, akawafunza kazi, kisha akawapa bidhaa kwa mkopo wakafungue maduka mbali, kama bwana wake alivyowaamini wasafiri. Wengi katika wao wakawa matajiri wenye kujitegemea.

Mwaka 1916, sawa na 1334 wa Hijra, alisafiri Kongo kwa biashara, akapatwa na homa, ikamuua. Akafa katika safari zile zile alizoanza nazo. Mwanawe Abdulrasul akarithi kazi, naye akafariki mwaka 1923. Haikupita miaka kumi tangu kufa kwa baba, biashara kubwa ile ikaanguka. Maduka yakapita mikononi mwa wengine.

Tazama sasa, ewe msomaji, kilichobaki. Viko wapi vyombo vya ziwani? Ziko wapi pembe? Kabla ya kufa kwake, Abdulrasul alijenga skuli Mombasa kwa kumkumbuka baba yake, nayo ingali yasimama kwa jina la Allidina Visram, na watoto wa kila kabila na dini wamesoma humo. Liko na sanamu lake mjini, lakini sanamu halimfundishi mtu herufi moja. Skuli yafundisha kila asubuhi.

Basi kijana wa Majengo ya Songea atembezaye nguo begani, au ndugu yake wa pwani mwenye kijiduka, asiudharau mtaji wake mdogo, wala asiudharau uaminifu, kwani huo ndio mtaji wa kwanza. Na Mwenyezi Mungu akimkunjulia riziki, atenge fungu la kheri angali hai, kabla mali haijapata mrithi, na mrithi hajapata mrithi wake.