Ufadhili wa masomo ni deni: Funzo la maisha ya Nyerere

Ni desturi ya vyuo vikuu vingi kuwaenzi wanafunzi wao wa zamani walioitumikia jamii kwa kutoa ufadhili wa masomo kwa majina yao. Chuo Kikuu cha Edinburgh, huko Scotland, kilimtunuku hivyo Hayati Mwalimu Julius Kambarage Nyerere kwa kuanzisha ufadhili wa shahada ya uzamili kwa ajili ya Watanzania. Benki Kuu ya Tanzania nayo ilianzisha mfuko wa masomo wenye jina lake mwaka wa 2009. Heshima hiyo inamstahili. Hata hivyo, anayepokea fedha hizo hana budi kujua kwamba mwenye jina hakuiona elimu kuwa zawadi. Kwake, elimu ilikuwa deni.

Nyerere alizaliwa Butiama, karibu na Musoma, mwaka wa 1922, mwana wa chifu wa Wazanaki. Alianza shule akiwa na umri wa miaka 12, akaendelea hadi Shule ya Serikali ya Tabora, kisha Makerere, alikosomea ualimu. Baada ya kufundisha Tabora kwa miaka michache, alipata ufadhili na kwenda Edinburgh mwaka wa 1949. Aliporejea mwaka wa 1952 akiwa na shahada ya M.A., Watanganyika waliokuwa na elimu kama yake walikuwa wa kuhesabika. Angeweza kutafuta cheo na kustarehe. Badala yake alikwenda kufundisha Pugu, akachaguliwa kuongoza chama cha TAA mwaka wa 1953, na mwaka uliofuata akawa miongoni mwa waasisi wa TANU. Mwaka wa 1955, alipolazimika kuchagua baina ya siasa na mshahara wa ualimu, aliuacha mshahara.

Imani yake kuhusu msomi aliieleza kwa mfano wa kijiji kilichokumbwa na njaa. Wanakijiji humpa mmoja wao akiba yote iliyosalia, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwatafutia chakula. Mtu huyo akishiba na asirudi, hana jina jingine ila msaliti.

Mfano huo ulijaribiwa mwaka wa 1966, wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walipoandamana kupinga kulazimishwa kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu aliwafukuza zaidi ya 300, na papo hapo akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Kuna watakaosema kwamba adhabu ile ilikuwa kali mno, nami sitawabishia. Lakini hakuna awezaye kusema kwamba alidai kwa wengine asichojidai mwenyewe.

Sisi tulio katika taaluma ya lugha tunamkumbuka pia kwa namna nyingine ya kulipa deni. Mzanaki huyu, aliyesomea Kiingereza kwa Waingereza wenyewe, alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili, ya Juliasi Kaizari mwaka wa 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka wa 1969. Chini ya uongozi wake Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi, na watu wazima kwa mamilioni wakafunzwa kusoma na kuandika. Alichokipata ughaibuni alikirudisha kwa lugha ya walipa kodi.

Hakuwa malaika. Wakulima waliohamishwa kwa nguvu kwenda katika vijiji vya ujamaa miaka ya 1970 waliumia, na uchumi ulidorora. Aling'atuka urais mwaka wa 1985, akarudi kulima Butiama, na alipofariki London tarehe 14 Oktoba 1999 hakuna aliyemtuhumu kwamba alijilimbikizia mali.

Je, sisi Wakenya? Ni harambee ngapi tumehudhuria, mama mjane akitoa kuku wake wa mwisho, mzee akiuza ng'ombe, ili kijana mmoja apande ndege? Kijana huyo hatukumtaka awe rais, wala si lazima aishi kijijini, kwani siku hizi mtu aweza kuwafaa wa kwao akiwa mbali. Lakini akishahitimu akasahau hata kujibu barua ya waliomchangia, basi kijiji kimekula hasara, na mtoto anayemfuata hatachangiwa.

Ndiyo sababu naona kwamba kila ufadhili wenye jina la mtu mashuhuri ungeambatana na swali moja kwa mwombaji, lenye uzito kuliko alama zake za mtihani: ukishasoma, utamlipa nani, na kwa njia gani? Asiye na jibu apishe mwenzake. Dawa ya deni ni kulipa.