William Thomson, Lord Kelvin

William Thomson, anayejulikana zaidi kama Lord Kelvin (26 Juni 1824 – 17 Desemba 1907), alikuwa mwanafizikia, mwanahisabati na mhandisi aliyezaliwa Eire na kuishi sehemu kubwa ya maisha yake mjini Glasgow, Uskoti. Wanafunzi wa sekondari humfahamu kupitia kelvini, kizio cha kimataifa cha halijoto. Hata hivyo, wakati wa uhai wake umma ulimfahamu hasa kwa kazi yake ya telegrafu ya chini ya bahari. Alieleza kwa hesabu kwa nini ujumbe huchelewa katika waya mrefu, akabuni vyombo vya kupokea ishara dhaifu, na akashikilia kwamba waya lazima upimwe kwanza, kisha mitambo irekebishwe kulingana na hali yake. Kazi hiyo ilitangulia nyaya zilizofika Zanzibar mwaka 1879 na Dar es Salaam mwaka 1890.

Maisha ya awali

Thomson alizaliwa mjini Belfast. Mama yake, Margaret Gardner, alifariki mwaka 1830, mtoto akiwa na miaka sita. Baba yake, James Thomson, alikuwa mwalimu wa hisabati, na mwaka 1832 familia ilihamia Glasgow alikopata kazi ya uprofesa. Baba aliwafundisha watoto wake mwenyewe nyumbani. William alianza masomo katika Chuo Kikuu cha Glasgow mwaka 1834 akiwa na umri wa miaka 10. Wakati huo chuo hicho kilipokea pia wavulana wadogo wenye uwezo.

Mwaka 1841 alijiunga na Chuo Kikuu cha Cambridge, akahitimu mwaka 1845 akiwa wa pili katika mtihani wa hisabati. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 22, aliteuliwa kuwa profesa wa fizikia huko Glasgow. Alishika nafasi hiyo kwa miaka 53, hadi alipostaafu mwaka 1899. Mwaka 1848 alipendekeza kipimo cha halijoto kinachoanzia kwenye sifuri halisi, ambayo leo inajulikana kuwa nyuzi −273.15 za Selsiasi.

Tatizo la waya mrefu

Katika miaka ya 1850 nyaya za telegrafu zilianza kulazwa chini ya bahari. Waya wa shaba ulifunikwa kwa gutaperka, utomvu wa mti unaofanana na mpira, ili umeme usivujie majini. Mafundi wakaona jambo la ajabu: ishara iliyotumwa kama pigo fupi ilifika upande wa pili ikiwa imechelewa na kutanuka. Mapigo yakifuatana haraka, yalichanganyikana na ujumbe haukusomeka.

Mnamo 1854 na 1855 Thomson alitoa maelezo kwa njia ya hisabati. Waya wa shaba, kihami chake na maji ya bahari yanayouzunguka kwa pamoja hutunza chaji kama kapasita kubwa. Mfano wa karibu ni mpira mrefu laini wa kumwagilia bustani: bomba likifunguliwa, maji hayatoki kwa nguvu mwishoni mara moja, kwa sababu mpira hujaa na kutanuka kwanza. Vivyo hivyo, umeme hujaza waya kabla ishara haijaonekana mwishoni.

Kutokana na hesabu hizo, ucheleweshaji hukua kwa mraba wa urefu. Waya ukiwa mrefu mara mbili, ucheleweshaji huwa mara nne. Ukiwa mrefu mara kumi, huwa mara mia moja, ikiwa shaba na kihami ni vilevile. Kwa hiyo waya mfupi, kama wa kutoka Zanzibar hadi Dar es Salaam, takriban kilomita 70, hausumbui. Waya wa kuvuka bahari kuu ni kazi nyingine kabisa. Thomson alipendekeza shaba nene na safi, pamoja na kihami kinene.

Mtaalamu wa umeme wa Kampuni ya Telegrafu ya Atlantiki, Wildman Whitehouse, ambaye kwa taaluma alikuwa daktari wa upasuaji, alikataa kanuni hiyo. Yeye aliamini kwamba waya mwembamba ungetosha, mradi usukumwe kwa umeme wa nguvu kubwa. Waya ulikwisha kuagizwa kwa vipimo visivyomridhisha Thomson. Hata hivyo, Thomson aliingia katika bodi ya kampuni mwishoni mwa mwaka 1856 na akafanya kazi na waya uliokuwepo. Alipogundua kwamba shaba kutoka kwa watengenezaji mbalimbali ilitofautiana sana katika kupitisha umeme, alisisitiza kwamba shaba ipimwe kabla ya kukubaliwa.

Waya wa Atlantiki wa 1858

Baada ya majaribio kadhaa kushindwa, waya kati ya Eire na Newfoundland ulikamilika tarehe 5 Agosti 1858. Thomson alikuwa ndani ya meli Agamemnon iliyolaza nusu ya waya huo. Alikuwa na chombo kipya alichokibuni, galvanomita ya kioo. Ndani yake kulikuwa na sumaku ndogo sana iliyobandikwa kwenye kioo chepesi na kuning'inizwa kwa uzi. Mkondo mdogo wa umeme ulipopita, kioo kiligeuka kidogo, na nukta ya mwanga iliyoakisiwa nacho ikasogea kushoto au kulia kwenye mizani. Kwa kuwa mwanga hauna uzito, msogeo mdogo ulionekana wazi.

Ujumbe wa Malkia Victoria kwa Rais James Buchanan wa Marekani, wenye maneno 98, ulichukua takriban saa 16 kupita. Whitehouse alijaribu kutatua udhaifu huo kwa kuongeza nguvu, akatumia mitambo iliyotoa karibu volti 2,000. Waya ulikuwa tayari na kasoro: ulitengenezwa kwa haraka, na mahali pengine shaba haikukaa katikati ya kihami. Umeme wa nguvu ulizidi kuharibu sehemu hizo dhaifu. Kampuni ilimwachisha Whitehouse kazi, na kwa muda ishara zikapokewa kwa betri ndogo na galvanomita ya Thomson. Lakini madhara hayakurekebishika, na mnamo Septemba waya ulinyamaza kabisa. Fedha nyingi za wanahisa zilipotea, na watu wengi wakaona kwamba kuunganisha mabara kwa waya ni ndoto.

Serikali ya Uingereza na kampuni ziliunda kamati ya uchunguzi, iliyotoa taarifa yake mwaka 1861. Ilibainika kwamba kosa halikuwa katika wazo lenyewe. Waya ulitengenezwa, ukahifadhiwa na ukatumiwa bila vipimo vya kutosha.

Kuchunguza hali ya waya

Kupima kulihitaji vizio vinavyokubalika na wote. Mwaka 1861, kwa msukumo wa Thomson, Chama cha Uingereza cha Kuendeleza Sayansi kiliunda kamati ya kuweka vizio vya umeme. Kazi yake ilikuwa chanzo cha omu, kizio cha ukinzani kinachotumika hadi leo.

Kwa vizio hivyo, fundi aliyekaa ufukweni aliweza kujua hali ya waya uliolala kina cha kilomita kadhaa. Kwanza, alipima ukinzani wa kihami; ukishuka, umeme unavujia baharini. Pili, alipima ukinzani wa shaba. Kwa mfano, ikiwa kila kilomita ya waya ina ukinzani wa omu 2, na kipimo hadi penye hitilafu kinaonyesha omu 600, basi hitilafu ipo karibu kilomita 300 kutoka kituoni. Kwa kuwa penye hitilafu pia pana ukinzani wake, vipimo vilichukuliwa kutoka pande zote mbili na kulinganishwa. Ndipo meli ya matengenezo ilijua pa kwenda.

Upande wa urekebishaji, Thomson alipendelea volteji ndogo na chombo chepesi cha kupokea. Pamoja na mhandisi Fleeming Jenkin alibuni pia njia ya kufuatisha kila pigo na pigo fupi la kinyume, ili kuondoa mabaki ya chaji na kuandaa waya kwa ishara inayofuata.

Mafanikio ya 1866

Mwaka 1865 meli kubwa Great Eastern ililaza waya mpya ulionenepeshwa. Safari hii waya ulipimwa mara kwa mara ukiwa unashuka baharini, na hitilafu kadhaa ziligunduliwa na kurekebishwa njiani. Tarehe 2 Agosti, baada ya zaidi ya kilomita 1,900 kulazwa, waya ulikatika na kuzama. Mwaka uliofuata meli ilirudi na waya mwingine, ikafika Newfoundland tarehe 27 Julai 1866. Kisha waya wa 1865 ukaopolewa, ukaungwa na kukamilishwa pia.

Muda mfupi baadaye mhandisi Latimer Clark aliunganisha nyaya zote mbili zikawa mzunguko mmoja, akatuma ishara kwa kutumia betri iliyotengenezwa ndani ya kastabini ya mshonaji yenye asidi kidogo na kipande cha zinki. Ishara ilivuka bahari na kurudi, ikapokewa kwa galvanomita ya Thomson. Kilichoshindikana kwa volti 2,000 kilifanyika kwa kastabini. Mwaka huohuo Thomson alipewa cheo cha Sir.

Mnamo 1867 alisajili kinakili cha mrija: mrija mwembamba wa kioo ulionyunyiza wino kwenye ukanda wa karatasi bila kuugusa, ukachora mstari wa mawimbi. Ujumbe sasa uliacha kumbukumbu, na fundi aliweza kuona kwenye umbo la mstari jinsi waya ulivyofanya kazi.

Waya wafika Zanzibar na Dar es Salaam

Mnamo Januari 1879 jeshi la Uingereza lilishindwa na Wazulu huko Isandlwana, na habari zilichukua takriban majuma matatu kufika London kwa sababu kusini mwa Afrika hakukuwa na waya wa baharini. Mwaka huohuo kampuni ya Eastern and South African Telegraph, ya kundi la mfanyabiashara John Pender, ililaza waya kutoka Aden kupitia Zanzibar na Msumbiji hadi Durban. Zanzibar ilikuwa chini ya Sultani Barghash bin Said. Mwaka 1890 waya mwingine uliunganisha Zanzibar na Bagamoyo na Dar es Salaam, ambayo mwaka 1891 ikawa makao makuu ya koloni la Kijerumani.

Nyaya hizo zililazwa na wengine, lakini kwa maarifa na vyombo vilivyotokana na kazi ya Thomson. Zilisaidia biashara, na pia ziliimarisha ukoloni. Mnamo Agosti 1896, Khalid bin Barghash alipotwaa kiti cha usultani, mwakilishi wa Uingereza Zanzibar aliomba idhini kutoka London kwa telegrafu na kujibiwa kwa njia hiyohiyo. Asubuhi ya 27 Agosti jumba la sultani lilipigwa mizinga.

Maisha ya baadaye

Mke wake wa kwanza, Margaret Crum, alifariki mwaka 1870. Mwaka 1874 alimwoa Frances Blandy, ambaye familia yake aliifahamu kisiwani Madeira wakati wa safari ya kulaza waya wa Brazili. Alibuni pia dira bora ya meli na mashine ya kupima kina cha bahari. Alikuwa rais wa Royal Society kuanzia 1890 hadi 1895, na mwaka 1892 akapewa cheo cha Baron Kelvin, jina la mto upitao karibu na Chuo Kikuu cha Glasgow.

Hakuwa sahihi katika kila jambo. Alikadiria umri wa dunia kuwa makumi ya mamilioni ya miaka, ilhali leo unajulikana kuwa takriban bilioni 4.5. Hesabu yake ya telegrafu nayo iliacha nje athari ya sumaku katika waya. Oliver Heaviside aliikamilisha baadaye, na Kelvin aliitambua hadharani kazi hiyo. Alifariki huko Largs, Uskoti, akazikwa Westminster Abbey karibu na kaburi la Isaac Newton.

Urithi

Mikongo ya baharini inayohudumia Dar es Salaam, kama SEACOM iliyoanza kazi mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, hupitisha mwanga ndani ya nyuzi za kioo badala ya umeme katika shaba. Hata hivyo utaratibu ni uleule. Fundi hutuma pigo la mwanga, hupima muda wa mwangwi kurudi, na kwa kuwa mwanga husafiri ndani ya kioo kwa takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hupata umbali wa hitilafu. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo hiyo miwili ilipata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na watumiaji wa intaneti nchini Tanzania, kuanzia Kinondoni hadi Temeke, wakakosa huduma au kuipata polepole hadi mawasiliano yalipoelekezwa njia nyingine.

Hata modemu ya nyumbani inayotumia laini ya shaba ya simu ya mezani hufuata kanuni hiyo. Inapowashwa hupima kwanza jinsi ishara inavyopungua njiani na kiasi cha kelele katika laini, kisha huchagua kasi ambayo laini inaweza kuibeba. Ukurasa wake wa hali ya laini huonyesha namba hizo. Laini ikiwa na unyevu au kiungo kibovu, kulazimisha kasi kubwa zaidi huleta kukatika mara kwa mara. Dawa ni kutengeneza laini au kupunguza kasi.